Nyekundu Aliyomchorea Shangazi

Ofisini walimwita Rangi, na jina hilo hakulipata bure. Huyu ni mtu aliyeweza kukaa asubuhi nzima akibishana na nafsi yake kama kitufe cha "Endelea" kiwe kijani cha majani mabichi au kijani cha chupa, wenzake wakiwa wameshakunywa chai mara mbili na kurudi. Kabla ya kompyuta alikuwa mchoraji wa mabango. Kinyozi akitaka kichwa kilichonyolewa vizuri kwenye ukuta wake, muuza viatu akitaka kiatu, yeye ndiye aliyepanda ngazi na makopo. Kompyuta aliisomea jioni, miaka miwili, rangi ya mafuta ikiwa bado imeng'ang'ania kwenye kucha. Kwa hiyo msimdhanie ni wale waliozaliwa na simu mkononi. Ni mtu wa kazi, mume wa mtu, baba wa watoto wawili, mpole, asiyependa ugomvi. Hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Meza nne, ubao mweupe mmoja, na feni iliyokataa kugeuka ikawa inampepea Mkurugenzi peke yake. Humo ndimo ilimotengenezwa programu ya simu kwa ajili ya wenye mashine za shamba. Wazo lake lilikuwa jepesi. Mwenye trekta, au pampu, au mashine ya kupukuchua mahindi, anajiandikisha. Mkulima anayehitaji mashine anafungua simu, anaona zilizo karibu naye zimepangwa kwa mstari, anachagua, anapiga. Kazi ya Rangi ilikuwa kuchora kila ukurasa utakaoonekana kwenye simu na kuandika kila neno litakalosomwa humo.

Taabu ni kwamba mashine zenyewe alikuwa hazijui. Trekta aliweza kuichora ikapendeza, lakini ukimwuliza grisi inaingilia wapi, anatazama dari. Basi akafunga begi akaenda kwa shangazi yake.

Shangazi huyu ni dada mkubwa wa marehemu baba yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Ni mama wa miaka sitini na mmoja, mwenye mikono ya fundi na mdomo wa hakimu. Watu wa huko humwita Mama Spana, kwa sababu spana namba kumi na tatu hukaa mfukoni mwa gauni lake hata akienda msibani. Ana mashine moja ya kupukuchua mahindi, ya buluu, anayoikokota kwa trekta kuukuu kutoka shamba hadi shamba, na kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha Rangi. Humwita Rangi "baba", kwa kuwa amechukua jina la babu yake, yaani baba wa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja kula au umekuja kazi? Sema mapema, nijue kama nikutafutie sahani au ovaroli."

Alimtafutia vyote viwili. Siku nane Rangi alikwenda naye mashambani, akila vumbi la makapi, akiuliza maswali ambayo mtoto wa darasa la tatu angeona haya kuyauliza, na shangazi akamjibu yote bila kumcheka, isipokuwa mara tano au sita hivi. Siku ya sita akamtolea madaftari matatu ya jalada gumu, yamefungwa pamoja kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Humo mlikuwa na kila ugonjwa uliowahi kuikamata ile mashine katika miaka kumi na tisa: tarehe, kilichoharibika, alichokifanya. "Beringi ya kushoto inalia kama mbuzi. Nimebadilisha." "Mkanda umekatika katikati ya kazi. Kosa langu, niliuona umechanika tangu jana nikauonea huruma." Rangi alisoma akacheka mpaka akajifuta macho, na palepale akachora ukurasa ambao baadaye ulisifiwa kuliko kurasa zote: Daftari la Matengenezo. Mwenye mashine anaandika kila alichokitengeneza, na simu inamkumbusha lini abadilishe nini.

Programu ilipokuwa tayari, shangazi akawa mwenye mashine wa kwanza kujiandikisha. Wakakaa alasiri tatu kwenye karakana yake ya mabati, kopo la grisi likiwa meza, yeye akisoma kutoka kwenye madaftari, Rangi akimwonyesha pa kubonyeza.

"Niandike yote? Hata lile la kifuniko kuanguka barabarani?"

"Yote, shangazi. Usiache hata boliti."

"Na nani atayasoma?"

"Wewe tu. Ni daftari lako."

"Apa."

"Haki ya Mungu, shangazi. Hakuna mwingine atakayeona."

Na ieleweke kwamba siku ile hakuwa anadanganya. Aliapa kwa moyo mweupe. Shangazi akaandika matengenezo mia mbili na kumi na manne, akatuna kwa fahari, kisha akatoka kwenda kuwahubiria wenzake. Walikuwa saba, wenye matrekta na pampu na mashine kama yake, watu wagumu ambao simu kwao ni ya kupigia na kupokea basi. Aliwazungukia mmoja mmoja. "Mpwa wangu ndiye aliyeitengeneza," aliwaambia. "Andikeni yote, msifiche. Mimi nimeshaandika yangu." Na kwa kuwa Mama Spana hajawahi kumwuzia mtu maneno matupu, wakaandika.

Miezi mitatu ikapita, kikaitwa kikao. Mkurugenzi alikuwa mwanamke mwepesi wa kusema na mwepesi zaidi wa kuamua. Alisimama mbele ya ubao mweupe akasema wakulima wote wanauliza jambo moja: mashine ipi haitawaharibikia katikati ya shamba? Wanataka kuona alama, waione kwa jicho moja, wachague.

Aliyedakia ni binti mwandika programu, ambaye ofisini walimwita Kimya kwa sababu hakuwa akinyamaza. "Cha kupimia tunacho kimoja tu," alisema. "Yale madaftari. Aliyeandika matengenezo mengi, mashine yake inaharibika sana. Nahesabu, nalinganisha, kila mashine inapata alama. Ni kazi ya siku mbili."

 Rangi alikuwa amekaa siku nane juu ya trekta, akajua wasichokijua wote mle chumbani: mashine zote huharibika, ila wanaoandika ni wachache. Aliye na orodha ndefu ndiye anayeitunza mashine yake. Aliye na ukurasa mtupu ama ni mvivu ama ana la kuficha. Alijua pia kiapo alichoapa kando ya kopo la grisi. Akafungua mdomo. Watu wote wakamgeukia.

"Rangi, una neno?" Mkurugenzi aliuliza, kalamu ikiwa hewani.

"Nyekundu," alisema Rangi, "isiwe kali sana. Itawatisha watu."

Wakacheka, huyu Rangi naye! Kikao kikaisha. Akarudi mezani kwake akachora alama tatu, kijani na njano na nyekundu. Chini ya kijani akaandika "Imara". Chini ya nyekundu akaandika "Huharibika mara kwa mara". Maneno hayo ni ya kwake, hakuna aliyemtajia. Mkurugenzi akaagiza vilevile kwamba rangi isionekane kwenye simu ya mwenye mashine mwenyewe, ionekane kwa mkulima tu, maana wenye mashine wakiiona watashinda wanapiga simu kulalamika. Rangi akalichora hilo pia, akalichora vizuri. Nafsi ilipomsuta aliiambia ingoje, baada ya mavuno atalisema. Nafsi ya mtu asiyependa ugomvi nayo ina subira ya ajabu, ilingoja.

Mavuno yakafika. Ofisini ni shangwe, wakulima wanajiandikisha kwa mamia. Rangi akafungua simu kama mkulima, akajiweka eneo la shangazi yake, akatafuta mashine ya kupukuchua. Zilitokea kumi na tatu. Ya kwanza, kijani kibichi, "Imara", ilikuwa ya bwana mmoja aliyeitwa Waya, kwa kuwa mashine yake ilishikiliwa kwa waya kila mahali, na kinga ya mkanda wake ilikwisha kuanguka zamani ikabaki historia. Bwana Waya hajawahi kuandika hata herufi moja kwenye daftari lake. Rangi akateremsha kidole, akateremsha, akateremsha. Shangazi alikuwa wa kumi na tatu. Nyekundu haikuwa kali sana. Ilikuwa nyekundu ya kiungwana, aliyoichagua mwenyewe kati ya nyekundu tisa, na ilimchoma macho.

Siku ya tatu shangazi akapiga.

"Baba, hii simu yangu ina nini? Mahindi yamejaa kila uwanja, wateja hawapigi. Mwaka jana wakati huu nilikuwa sina nafasi ya kunywa maji. Au kuna mahali nimebonyeza vibaya?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Alikuwa peke yake kwenye ngazi za ofisi, hakuna bosi, hakuna kikao, ni yeye na sikio la aliyemlea.

"Labda ni mtandao, shangazi," alisema.

Baadaye alikuja kusikia kwamba alasiri ileile bibi wa miaka sitini na mmoja alipanda juu ya trela na simu mkononi, akakaa huko mpaka jua likamchosha, akiusubiri mtandao.

Wiki ikapita. Shangazi akapiga tena, safari hii sauti imetulia, sauti ya mtu aliyefikia uamuzi. Si mtandao, alisema, amefikiri sana akagundua. Mashine imezeeka. Watu wanaona haya kuileta kwenye viwanja vyao. Basi ameamua kuifungua yote.

Jumamosi Rangi akaenda, amejiapiza njia nzima kwamba leo atasema. Alimkuta shangazi amekaa juu ya debe, na mbele yake turubai limetandazwa, na juu ya turubai ile mashine yote imelala vipande vipande, vimepangwa kwa ukubwa kuanzia pulii hadi skrubu. Bodi ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu. Alikuwa ametafuta ugonjwa kwenye kila kiungo, akabadilisha hata vilivyokuwa vizima.

"Sioni kasoro, baba," alisema. "Nimetazama mpaka macho yamechoka. Lakini kasoro ipo, si bure." Kisha akafuta mikono, akatoa simu mfukoni, uso ukamchangamka kidogo. "Njoo uone. Yote haya nimeyaandika humu. Kumi na moja wiki hii peke yake, kama ulivyonifundisha."

Rangi aliinama upesi akaokota boliti moja kwenye turubai, akaanza kuigeuzageuza, ili uso wake usionekane. Kila mstari katika ile kumi na moja ulikuwa umemsukuma chini zaidi, kama kungekuwa na chini zaidi ya mwisho.

"Waya ameniulizia mashine," shangazi aliendelea. "Anasema nimwachie yeye, mimi nipumzike, umri wangu umeshaenda. Nimemwambia angoje mwisho wa mwezi. Kama hakuna atakayeniita mpaka hapo, basi aichukue. Sitakaa na mashine ya kutazama."

Rangi akasema, "Usiwe na haraka, shangazi." Akala chakula chake, akaaga, akaondoka bila kusema. Nyumbani mkewe, ambaye alishasimuliwa habari yote, alimtazama alivyovua viatu akajua.

"Hukumwambia."

"Bado."

"Unangoja nini, akuulize?"

Jumatatu Rangi akajikaza akaiendea meza ya Mkurugenzi. Akaeleza yote kwa adabu, akionyesha kwa kidole kwenye skrini, Waya juu na shangazi chini. Mkurugenzi alimsikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya. Akasema anaona tatizo, lakini mavuno yapo katikati, alama zikibadilishwa sasa wakulima watasema walidanganywa. Baada ya msimu. Rangi akasema sawa. Alikuwa bingwa wa kusema sawa.

Kimya, ambaye alikuwa ameshasikia kila kitu kutoka mezani kwake, alimkuta kwenye ngazi. "Si shangazi yako tu? Namfutia matengenezo yake. Daftari likiwa tupu, anakuwa kijani. Ni dakika moja, wala hakuna atakayejua."

Moyo wa Rangi ulijua kwamba hapana. Mdomo wake ukasema, "Fanya."

Miaka kumi na tisa ikafutika kwa dakika moja kama alivyoahidi. Shangazi akaruka kutoka wa kumi na tatu hadi wa kwanza, bega kwa bega na Waya. Jumatano akapiga simu anacheka, mashine inanguruma nyuma yake mpaka inambidi apige kelele. "Watatu, baba! Watatu kwa siku mbili! Ile rangi ya buluu imefanya kazi!"

Rangi akafurahi, furaha ya mtu aliyeficha kitu chini ya godoro. Kisha shangazi akapunguza sauti.

"Lakini nisamehe, baba yangu. Nimefanya ujinga. Daftari lote la kwenye simu limefutika. Sijui nilibonyeza wapi na vidole vyangu hivi vya grisi. Kazi yako ya siku tatu nimeimwaga. Lakini usijali, leo usiku naanza kuyaandika upya kutoka mwanzo."

"Usiandike!" Rangi alipiga ukelele, mpaka Kimya akageuka.

"Kwa nini?"

"Nitakuja. Msimu ukiisha. Tutaandika pamoja."

Shangazi akacheka, akamshukuru kwa kutomkasirikia. Alimshukuru! Rangi alikata simu akaenda kunawa uso, akanawa tena, akarudi mezani asijue la kufanya na mikono yake.

Ijumaa mchana simu ikaita kwa mara nyingine. Hakukuwa na kicheko wala mngurumo wa mashine. "Uje kesho asubuhi," shangazi alisema. "Wenzangu saba watakuwepo." Akakata.

Aliwakuta uwanjani, wamekaa kwa nusu duara kwenye viti na madebe, wote saba, na shangazi amesimama. Mashine ya buluu ilikuwa nyuma yake, imeunganishwa, imezimwa. Rangi akaamkia, shikamoo ikaitikiwa na wachache. Mmoja wao, mwalimu mstaafu mwenye trekta, alikuwa na simu ya binti yake kwenye paja, binti aliyekuwa ameolewa mbali, na huko akawa mkulima.

"Jana binti yangu alikuja kunitembelea," mwalimu alianza, taratibu, kama darasani. "Akafungua hii programu yenu anitafutie, anifurahishe. Akaniona mwekundu. Nikamwambia mtafute huyu, mtafute na yule. Sote saba ni wekundu. Imeandikwa tunaharibikiwa mara kwa mara. Trekta yangu mimi! Kisha nikasema, hebu mtafute Mama Spana, aliyetuambia tuandike yote, tusifiche." Akainua simu ili wote waone. "Yeye ni kijani. Na jana hiyohiyo tumelitazama daftari kwenye simu yake, ni tupu. Hana hata mstari mmoja."

 Mzee mmoja mwenye pampu alitema mate pembeni.

"Tumeaminiana miaka mingi hapa," mwalimu alisema. "Tunaazimana mpaka plau. Tunataka kujua tu, ulitutia shimoni kwa makusudi?"

Hapo Rangi akamwona shangazi yake kama hajawahi kumwona. Midomo ilikuwa inamtetemeka, mwanamke asiyetetemeka hata mkanda ukikatika karibu na uso wake. "Nimewaambia tangu jana," alisema, "mimi sijui nyekundu wala kijani, sijawahi kuziona. Na la kwangu kufutika ni vidole vyangu. Lakini kijana huyu nimemlea. Hawezi kufanya jambo kama hilo, namjua kama ninavyoijua mashine yangu. Kuna kosa limetokea kwenye kompyuta zao, basi, na yeye atalieleza." Akamgeukia. "Waeleze, baba."

Angalieni mtego wa mapenzi. Alikuwa amempa njia ya kutokea, pana, imefagiliwa. Kosa la kompyuta, mfumo ulichanganyikiwa, tunaomba radhi, nani pale angebisha? Rangi aliitazama njia hiyo, na hatuwezi kumsifu kwamba hakuitamani. Lakini watu saba walikuwa wanamtazama shangazi, si yeye. Yeye akipita, shangazi ndiye atakayebaki nao hapo maisha yake yote.

"Si kosa la kompyuta," alisema. "Ni mimi."

Akaanza kumwaga. Kikao, na swali la Mkurugenzi, na alivyofungua mdomo akazungumzia rangi. Maneno aliyoyachagua. Ukurasa aliouchora usionekane na wao. Namna alivyomwona shangazi wa kumi na tatu na kumwambia ni mtandao. Daftari lililofutwa, kwa ruhusa yake, si kwa vidole vya shangazi. Alisema bila kupumzika, macho yakiwa kwenye viatu vyake, na alipomaliza alisikia tu bati la karakana likilia kwa jua.

Shangazi ndiye aliyezungumza kwanza, na sauti ilikuwa ndogo.

"Siku nilipoifungua mashine yote, ukanikuta. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaokota boliti ukaitazama."

"Ndiyo, shangazi."

"Mimi nikadhani umeipenda."

Rangi alitaka ardhi impokee, na ardhi haikumpokea. Shangazi akawageukia wenzake. "Wateja watatu niliowapata wiki hii walikuwa wenu," aliwaambia. "Sikujua, lakini niliwachukua. Nawaomba radhi." Wakaanza kusema hapana, Mama Spana, hapana, hata yule wa pampu akasimama na kumpa kiti, mzigo umekwisha kumtoka yeye na kuhamia palipostahili. Shangazi hakukaa. Bado alikuwa anamtazama Rangi, kama fundi anayesikiliza mlio ambao haujaisha.

"Wenye mashine wangapi wamo kwenye hiyo simu yenu?"

"Elfu moja na mia nne."

"Walioandika yote kama sisi, wapo?"

"Wapo wengi."

"Na wao wasio na mpwa ofisini, nani amewafutia?"

Lililomuuma Rangi zaidi ni kwamba hakuwahi hata kujiuliza. Majuma yote yale ya kukosa usingizi, alikuwa ameona nyekundu moja tu.

Akatoa simu yake. Kwa kuwa maneno yote ya programu yalipitia mikononi mwake, matangazo kwa wenye mashine wote yeye ndiye aliyekuwa akiyatuma, siku za mvua, siku za mafuta kuadimika. Akakaa juu ya debe tupu akaandika.  Akamaliza, akanyanyua kichwa.

"Tusomee," shangazi alisema.

Akasoma. Kwamba wakulima wanaonyeshwa rangi ambayo wenye mashine hawaioni. Kwamba rangi hiyo inatokana na madaftari yao, ambayo waliahidiwa hayatasomwa na mtu. Kwamba anayeandika matengenezo ndiye anayewekwa nyekundu, na asiyeandika kitu anawekwa kijani, hata kama mashine yake imefungwa kwa waya. Kwamba mchoraji wa rangi hizo ni yeye, na anaomba radhi.

Mwalimu mstaafu akaitikia kwa kichwa, imetosha. Shangazi akasema, "Hujasema kwamba ulijua."

Rangi akaongeza mstari mmoja mwishoni. Akausoma kwa sauti, kisha akabonyeza "Tuma".

Haikuchukua muda. Simu ya mwalimu ikalia kwanza, ikafuata ya mzee wa pampu, halafu nyingine, na nyingine, kwenye mifuko ya mashati na chini ya viti, mpaka uwanja mzima ukawa unalia. Walikuwa wameshasomewa, lakini kila mmoja akaitoa ya kwake na kusoma tangu mwanzo, midomo ikicheza. Shangazi naye akasoma mpaka mwisho. Zilipokuwa zimenyamaza zote, ikaanza kuita ya Rangi. Alikuwa Mkurugenzi. Rangi akaishika mkononi bila kuipokea, akamtazama shangazi yake.

"Pokea," alisema shangazi.